Mama, Bibi au Mwanamke?

Katika miaka tuliyofundisha Kiingereza chuo cha ualimu, kila kundi jipya la wanachuo lilikuja na swali moja ambalo halikuwamo katika kitabu cha sarufi. Ni wakati gani mtu aseme "woman", na ni wakati gani aseme "lady"? Kamusi iliwaambia kwamba yote mawili ni mwanamke. Lakini walikwisha kusikia kwamba moja ni la adabu na jingine ni la kawaida tu, wakaogopa wasije wakapangiwa shule yenye mkuu wa kike na kumvunjia heshima siku ya kwanza bila ya kujua.

Jibu letu lilikuwa fupi. Ukimtaja mtu aliyepo, anayekusikia, sema "lady", maana "this woman" humfikia mwenyewe kama kidole alichonyooshewa. Ukizungumza juu ya sheria, kazi, maradhi au hesabu ya watu, sema "woman". Jibu hilo lilitosha kwa mtihani, tukaendelea na somo. Sasa tumestaafu, tunakaa hapa Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, na tumepata nafasi ya kulitazama tena swali lile. Tumeona kwamba si la Waingereza peke yao, wala si la lugha tu. Kila mtu mzima katika mitaa yetu huchagua kila siku nani aitwe mama, nani aitwe dada, na nani aitwe mwanamke tu. Na katika kuchagua huko mna haki na mna dhuluma.

Tuanze kwa jirani, maana kasoro ya jirani huonekana upesi. Neno "lady" katika Kiingereza cha kale liliundwa kwa maneno mawili, mkate na mkandaji: yule aliyekanda mkate wa nyumba. Mwenzake, "lord", alikuwa mlinzi wa mkate. Wenye mkate wa kuwagawia wengine ni wakubwa, basi maneno hayo yakawa ya wakubwa. Neno "woman" lilitoka kwingine. Nalo liliundwa kwa maneno mawili, la kwanza likimaanisha wa kike na la pili likimaanisha binadamu. Kwa hiyo neno lile ambalo wanachuo wetu waliliogopa kwa ukavu wake ndilo lililobeba utu, na lile la adabu lilibeba cheo. Mwanamke wetu naye kaundwa vivyo hivyo: mwana, na mke.

Cheo kina tabia ya kuchakaa kikigawiwa bila ya heshima. Waingereza walipoona haya kumtaja kwa kazi yake mtu anayewasafishia ofisi, walimwita "cleaning lady". Mshahara haukupanda kwa sababu hiyo. Na mwanamume afanyaye kazi ile ile hakuitwa "cleaning gentleman", kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kumbembeleza. Kadhalika walisema "lady doctor", adabu iliyokuwa ikinong'ona kwamba daktari hasa ni mwanamume.

Tusiwacheke. Sisi tunalo neno dada, na ni zuri kuliko mengi tuliyo nayo. Lakini ingia katika nyumba nyingi za mjini, na sasa hata za huku bondeni, usikie "dada" akiitwa: mara nyingi ni binti aliyeletwa kutoka kijijini kuja kupika, kufua na kulea. Zamani aliitwa yaya au mtumishi. Tukaona maneno hayo ni makali, tukampa undugu, akawa dada wa kazi. Undugu gani huu, ambao dada hula akiwa wa mwisho, hulala baada ya wote na huamka kabla ya wote? Serikali imeweka kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa majumbani. Lakini nani humdai kaka yake mshahara? Hapo ndipo neno la adabu linapogeuka kuwa mtego: limemvua mfanyakazi jina la mfanyakazi, na pamoja na jina limeondoka na madai yake. Wala neno lenyewe halikusalimika, maana mitaani limeshushwa hadi "dada poa", ambalo hatuna haja ya kulieleza katika gazeti hili.

Bibi nalo limesafiri. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926, na alipoanza kuwaongoza wanawake wa TANU mwaka 1955 hakuwa amepita miaka 30. Mtoto wa leo akisoma jina lake kwenye kibao cha barabara kule Dar es Salaam hudhani ni ajuza. Wakati ule Bibi alikuwa mwenzake Bwana, wala hapakuwa na uzee ndani yake. Tulikuwa na Bwana Shamba na Bibi Shamba, Bwana Afya na Bibi Afya, na Bibi Maendeleo aliyepita akifundisha ushonaji na malezi. Leo ni afisa ugani na afisa maendeleo ya jamii, na kwa karatasi huwezi kujua kama ni wa kike au wa kiume. Wako wazee wenzetu wanaoyalilia yale ya zamani. Sisi hatuyalilii sana, ingawa Bibi Maendeleo lilipendeza masikioni.

Kifupi chake, Bi., kingali kinatufaa, na hapa Kiswahili kiliwatangulia wengine. Mwandishi wa barua kwa Kiingereza ilimpasa kwanza ajue kama mwanamke yule ameolewa, ndipo aamue kati ya "Miss" na "Mrs". Mwanamume hakuulizwa hivyo. Wanawake wa Marekani walipotaka "Ms" isiyouliza habari za ndoa, wakaanzisha hata jarida la jina hilo mwaka 1972, walibishiwa sana, na gazeti la New York Times halikulikubali neno hilo hadi mwaka 1986. Sisi tulikuwa tukiandika Bi. siku zote hizo bila ya ugomvi.

Kisa kinachotufundisha zaidi ya hivyo kinatoka Unguja. Huko Fumba, mwishoni mwa karne ya 19, alizaliwa mtoto wa kike katika ukoo wa watumwa, naye akapewa jina Mtumwa. Alikua akiuza vyungu. Baadaye sauti yake ikasikika pwani yote, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kuimba katika santuri. Huyo ndiye Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Siti ni neno la Kiarabu la mwanamke mwenye heshima. Tazama tofauti. Mwenye nyumba anayemwita mfanyakazi wake dada hatoi kitu chochote. Kesho kila kitu kitakuwa kama jana. Lakini katika Unguja ya masultani, kumwita Siti mtu aliyezaliwa akiitwa Mtumwa kulikuwa ni kupindua daraja zote za mji. Neno hilo liliwagharimu waliolitoa, na kwa sababu hiyo tunaliamini.

Tulipokuwa shule ya msingi, miaka ya 70, wachina na wananchi wakijenga reli ya TAZARA kupitia bonde hili, watu wote walikuwa Ndugu. Ndugu Katibu, Ndugu Mwalimu, Ndugu Mwenyekiti. Wa kike au wa kiume, neno ni lile lile. Kwa swali letu la leo hilo lilikuwa neno bora kuliko yote, lenye adabu na usawa kwa pamoja. Likaja likasukumwa kando na Mheshimiwa katika miaka ya 90, nalo halikupata tena nafasi yake nje ya mikutano ya chama.

Basi tufike kwa Mama, maana huyo ndiye aliyeshinda. Bibi Getrude Mongella alipoongoza kazi ya mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, Watanzania walirudi wakimwita Mama Beijing. Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021, haikupita wiki nchi nzima ikawa inasema Mama. Hatuoni ubaya, ni neno la upendo, na katika Kiswahili mama hatukanwi. Ila tumeona jambo moja. Rais wa kwanza tulimwita Mwalimu, kwa kazi aliyoisomea. Wengi waliomfuata tuliwaita kwa majina yao. Huyu wa kike tumempa jina la nyumbani. Mama husifiwa kwa huruma, na akiwa mkali huambiwa si mama. Rais anahitaji nafasi ya kuwa mkali bila ya kupokonywa jina. Mheshimiwa Anna Makinda alipokuwa Spika kuanzia 2010 hadi 2015, kanuni za Bunge zilimlinda na jambo hilo: kwenye kiti alikuwa Mheshimiwa Spika, basi.

Na wako wanaoumizwa na Mama kwa upande mwingine. Katika bonde hili mwanamke akishajifungua jina lake hufichwa chini ya jina la mtoto, akawa Mama Neema au Mama Baraka, na ni heshima. Asiyejaaliwa mtoto huulizwa na kila mgeni, "Mama nani?" Muulizaji ana adabu zote, wala hakukusudia baya. Lakini yule anayeulizwa analazimika kujibu mbele ya watu jambo ambalo hata daktari humwuliza kwa faragha. Umoja wa akina mama katika Kanisa letu ulianzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, akiwafikiria wazazi na malezi ya watoto. Leo milango yake iko wazi pia kwa wasio na watoto, ingawa jina lingali linawaambia vingine. Jirani mmoja alituambia kwamba Jumapili zote yeye hukaa kwenye kiti cha nyuma siku ambayo umoja huo unavaa sare.

Sasa jambo la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na inataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake watatu. Sheria haikumtaja mama. Ingalimtaja mama, yuko ndugu wa mume ambaye angalisimama barazani na kuuliza kama mjane asiye na mtoto ni mama, au kama binti ambaye hajaolewa ni mama, na shamba la mpunga lingalikwenda na jibu. Neno kavu limewafunika wote, mwenye watoto kumi na asiye na hata mmoja. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, mradi wa Serikali wa kuwezesha umilikishaji wa ardhi ulipopita katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi na kutoa hati za hakimiliki za kimila, ilionekana wazi jinsi adabu yetu ilivyo na shimo. Karani anauliza jina la mwenye shamba, watu wanasema Mama Fulani. Jina lake yeye? Watu wanatazamana. Wamekula kwake, wamezika naye, jina lake hawalijui. Na hati haiandikwi Mama Fulani. Penye shaka, jina lililo karibu ni la mume, au la mtoto wa kiume. Yafaa hata daftari za michango za mitaa yetu ya kanisa zitazamwe kwa jambo hili. Tumeona moja lenye Mama Neema watatu, na wote watatu walisema ndio waliotoa zile elfu kumi.

Lakini tusiseme kwamba neno lisilopendelea ndilo jema siku zote. Hifadhi ya Udzungwa, yenye makao yake hapa Mang'ula, ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi watu wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kuingia kwa siku maalum kuokota kuni kavu, hadi ruhusa hiyo ilipokoma mwaka 2011. Katika mazungumzo yote waliotajwa ni "wananchi". Neno safi, halina kike wala kiume. Lakini mizigo ile ilibebwa kichwani, na kila aliyesimama barabarani jioni aliona ni vichwa vya nani. Hapo ingefaa kusema wanawake, kwa sauti, ili shida ijulikane ni ya nani na nani aulizwe kwanza juu ya miti ya kupanda.

Wale wanaouza chakula stesheni na pembeni mwa barabara ya Ifakara waliitwa mama ntilie, kwa maneno ya mteja anyooshaye sahani yake. Wakubwa wakaona jina hilo halipendezi, wakaleta mama lishe. Tunakubali kwamba mama lishe linasikika vizuri katika hotuba. Hata hivyo mama lishe alifukuzwa na mgambo katika miji mingi kama alivyofukuzwa mama ntilie, na masufuria yake yalimwagwa vile vile. Kitambulisho cha shilingi 20,000 kilichoanza kutolewa Desemba 2018 kilimsaidia zaidi ya jina, maana angalau alikuwa na cha kumwonyesha mgambo.

Tumalizie na Maandiko, kwa sababu swali la wanachuo wetu limo humo, na wengi hulipita. Katika Kigiriki cha Injili ya Yohana, Yesu anamwita mama yake arusini Kana kwa neno lile lile analomwita msalabani. Ndilo analomwita Msamaria kisimani, ndilo analomwita Mariamu Magdalene kaburini, na ndilo analomwita yule aliyeletwa na washitaki katika sura ya 8. Neno moja kwa wote, nalo kwa Wagiriki halikuwa tusi. Mtu aliweza kumwita hivyo hata mwanamke wa jumba la kifalme. Waingereza katika Biblia yao ya mwaka 1611 waliandika "Woman" kila mahali, na tangu hapo wasomaji wao wameshangaa jinsi mwana anavyoweza kusema hivyo kwa mzazi wake. Wafasiri wa Biblia yetu ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952 kwa kuwaunganisha wasomaji wa Kiswahili cha Unguja na cha Mombasa, walijua kwamba Mswahili hawezi kumwita mama yake mwanamke. Wakaandika Mama. Wakaandika Mama pia kwa Msamaria, kwa Magdalene, na kwa Mkanaani katika Mathayo 15. Walipofika sura ya 8 wakaandika Mwanamke.

Si kwamba walipima wema wa mtu, kwa kuwa Msamaria naye alikuwa na habari zake za waume watano. Ila huyu wa sura ya 8 ameletwa akiwa mshitakiwa, na mshitakiwa wa kike kwetu humwacha Mama mlangoni. Angalia magazeti: aliyejifungua watoto watatu ni "mama mmoja", aliyekamatwa na polisi ni "mwanamke mmoja mkazi wa" mahali fulani. Wafasiri walisikia Kiswahili kama kilivyo, na masikio yao hayakuwadanganya. Lakini kilichopotea ni kikubwa. Katika Kigiriki, aliyeshikwa uzinzi alipewa neno lile lile alilopewa Mariamu chini ya msalaba, si pungufu hata kidogo. Kwetu wale wazee wametoka mmoja mmoja, mawe yameachwa chini, na bado yeye anaitwa kama walivyomwita wao.

Zamu ya kusoma sura hiyo ikikuangukia, usibadilishe neno, soma lililoandikwa. Lakini tumewasikia wasomaji ambao wakifika hapo hulikaza "Mwanamke" kama karani wa mahakama anayeita mshitakiwa. Jizoeze nyumbani kwanza. Fungua sura ya 4, usome pale kisimani kwa sauti, ulisikilize lile "Mama" linavyotoka kinywani mwako. Kisha geuza kurasa mpaka sura ya 8, usome kwa sauti hiyo hiyo.